Waliojaa Nyuma ya Benchi Letu

Nasema haya kwa aibu. Miaka ya tisini nilikuwa kocha wa timu ya mpira hapa Ifakara, tukifungwa kila Jumamosi. Ajabu, watazamaji walizidi kuongezeka, tena wakijazana nyuma ya benchi letu. Nikawashuku. Bila shaka wapinzani wetu wa Lupiro walikuwa wamewatuma waturoge.

Siku moja, mechi ikiendelea, nilimvamia bibi mmoja nikapekua kikapu chake. Nikakuta ndizi za kuchoma.

“Shikamoo, bibi. Nani kakutuma?”

“Marahaba. Anitume nani, mwanangu? Tunakuja kukuangalia wewe unavyogaragara chini ukifungwa. Haya geuka, wameshafunga.”

Nikageuka. Uwanja mzima ulikuwa ukinitazama, ukingoja nianze.