Nje ya Geti la Paskazia

Paskazia hutembea kama mtu aliyebeba ndoo, hata mikono yake inapokuwa mitupu. Kwa miaka mingi aliwapikia wachimbaji wa Mwakitolyo. Kisha duara, lile shimo la dhahabu, likamfukia mumewe Theonest, naye hakutaka tena kuwapakulia chakula watu wanaoteremka humo. Matanga yalipokwisha, shemeji yake Gregory alitoka Didia na mkokoteni, ndani yake nguruwe jike mmoja amefungwa kamba. "Mfuge huyu," alimwambia. Nguruwe wote alionao leo wametokana na yule.

Mimi nilimfahamu kupitia utafiti wetu wa nguruwe. Tulikuwa tunawashawishi wafugaji wachemshe makombo ya migahawani, wachanganye pumba na mashudu ya alizeti na dagaa, wawape nguruwe nafasi ya kujigeuza, na wamtandikie jike nyasi kavu anapokaribia kuzaa. Kisha tunapima tuone kama afya yao inabadilika. Wengi walianza kwa nguvu, wakachoka. Paskazia alikuwa amechoka tangu mwanzo, na labda ndiyo sababu hakuacha.

Kulikuwa na jambo lililomuuma. Katika uzao uliopita, jike wake mkubwa, aliyempa jina la Bibi Harusi, aliwalalia watoto wake karibu wote. Safari hii tulipigilia mbao kando ya ukuta ili watoto wapate pa kukimbilia, na Paskazia akaapa kwamba atakaa naye bandani mpaka wa mwisho atoke.

Ndipo homa ya nguruwe ikaingia Didia. Ugonjwa huu hauna chanjo wala tiba, na husafiri kwa kiatu, kwa kisu, kwa tairi la baiskeli, kwa kipande cha nyama. Tukawaambia wafugaji wafunge mageti. Hata mimi niliacha kuingia. Nilisimama nje, Paskazia akanisomea uzito kutoka ndani. Majirani walisema siku hizi amekuwa Mzungu. Wengine walisema ameficha dhahabu.

Siku Bibi Harusi alipoanza kukusanya nyasi kwa mdomo, dalili kwamba anakaribia kuzaa, mchana wa jua kali, nikiwa nimesimama nje ya geti kama kawaida, Gregory alifika na baiskeli. Kwenye keria alikuwa amefunga mfuko wa salfeti.

"Hodi humu!"

"Karibu, shemeji. Lakini simama hapo hapo."

"Nisimame? Kwani mimi ni mgombea, nimekuja kuomba kura?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Akaufungua mfuko. Lilikuwa paja la nguruwe.

"Wamekwisha wote," alisema. "Huyu nilimchinja kabla hajaanguka. Nikasema paja ni la nyumba ya kaka."

"Baba, karantini hairuhusu kusafirisha nyama," nikasema.

"Mama Blessing," aliniambia, "sijaleta biashara. Nimeleta msiba wangu."

Nyama ile isingemdhuru mtu yeyote. Ingewamaliza nguruwe. Nelly, binti wa Paskazia, anayesuka nywele mjini na aliyekuwa amekuja kusalimia, alimnong'oneza mama yake: "Pokea tu, mama. Akiondoka tutaizika." Hakunong'ona vizuri. Niliuona uso wa Gregory ukishuka.

Paskazia alitazama bandani, akamtazama shemeji yake. Kisha akavua mabuti, akayaacha ndani, akatoka peku na kulifunga geti nyuma yake.

"Nelly, nipitishie sufuria, maji, chumvi na kiberiti. Halafu usinifungulie mpaka nikwambie."

"Na Bibi Harusi?"

"Unaye wewe."

"Mimi? Na kucha hizi?"

"Zitakatika."

Aliwasha moto pale nje, akaikata nyama, akaitia sufuriani. Hapo ndipo alipompa Gregory pole, polepole, akiuliza habari za kila nguruwe aliyekufa kama mtu anayeuliza habari za watoto. Gregory alijibu huku akichora mchangani kwa kijiti. Nyama ilipoiva tulikula wote watatu.

"Mama! Wa kwanza huyu!" Nelly aliita kutoka bandani.

"Mfute pua! Msogeze kwenye chuchu!"

"Bibi Harusi ananitazama vibaya!"

"Mkune tumbo! Na wewe usimtazame!"

Gregory akacheka kidogo. "Ingia ndani, shemeji. Mimi nimeshiba."

"Siingii. Nimeshika nyama yako."

Gregory aliitazama mikono yake yenye mafuta, akalitazama geti, na nadhani hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amekileta.

"Si ungekataa tu," alisema.

"Ningekukatalia vipi? Bibi Harusi ni mjukuu wa yule wa mkokoteni."

Ndani kikasikika kilio chembamba, kisha kikakatika. Nelly alipiga kelele, halafu akawa analia. "Amemlalia, mama. Sikuwahi." Baadaye kidogo tena: "Na huyu." Paskazia aliinuka nusu, akakaa tena. Aliendelea kutafuna kipande ambacho, naamini, kilikuwa kimekwisha mdomoni siku nyingi.

Kumi walibaki hai. Ukilinganisha na uzao uliopita hiyo ni neema, na kwenye taarifa yangu itaonekana vizuri. Paskazia hakuuliza habari za taarifa.

Mifupa tuliifukia kwenye shimo refu, tukaimwagia chokaa. Gregory alipokuwa akiondoka, Paskazia alimwambia, "Bandani kwako usiweke kitu mpaka mvua zije na zipite. Halafu njoo uchukue jike."

"Nikija nitasimama wapi?"

"Hapo hapo."

Safari hii alicheka kweli, akasukuma baiskeli yake.

Nelly, mikono ikiwa na damu mpaka viwikoni, alimwinua juu ya geti yule mdogo kuliko wote ili mama yake amwone. Paskazia alisogea hatua moja, akasimama. Alimtazama kwa muda mrefu, mikono yake ameishikanisha nyuma ya mgongo, isije ikajisahau.