Kupaka Ukuta Kabla Ng'ambo Haijafutika

Enzi zetu pale Igogo, Mwanza, nyumba zilipakwa kwa viganja. Wewe uliyekulia kwenye mawe yale unanielewa. Krismasi ikikaribia, kila mama aliwatoa watoto wake nje, akajifunga kanga kiunoni, na ukuta mzima wa udongo ukapakwa upya: mwekundu chini, mweupe juu, na katikati mstari mweusi wa masizi kama mkanda wa suruali. Wenzangu wakisimulia mambo haya siku hizi wanacheka sana. Mimi nacheka pia, ila bado natupa jicho angani.

Maana ilikuwa kazi ya woga. Desemba ni mvua, na sikukuu haihamishwi. Udongo uliopakwa unataka jua la nusu siku ndipo ushike. Mvua ikiukuta mbichi unateremka wote hadi chini, unabaki na ukuta uliolia. Kwa hiyo tulipaka huku jicho moja liko ziwani. Siku ya anga safi ungeviona vilima vya Sengerema upande wa pili wa maji, hata mti mmoja mmoja. Mvua ikianza kuja, vilima vilififia, kisha vikafutika kama mtu amepitisha kitambaa cha ubao. Mama alikuwa hageuki. Mikono yake yote miwili imo kwenye karai, anauliza tu:

"Ng'ambo inaonekana?"

Kazi ya kujibu ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

"Inaonekana, mama."

Baada ya muda: "Nusu, mama."

Nikisema "haipo," tulijua tuna muda wa karai moja la rangi, basi. Hapo hata mdogo wangu Shija, ambaye kawaida alipaka tumbo lake kuliko ukuta, alitulia na kufanya kazi.

Jina langu ni Kabula, jina wanalopewa kwetu watoto waliozaliwa mvua ikinyesha, na jirani yetu Mama Bahati hakuacha lipite bure. Wingu likionekana tu alipaza sauti kutoka kwenye jiwe lake: "Mama Kabula! Huyo mwanao mfungie ndani! Akitoka tu, ng'ambo inakwenda!" Watu wote wa kwenye mawe wanacheka, na mimi naangalia angani nikiamini kweli ni kosa langu.

Maandalizi yalichukua wiki. Udongo mwekundu tulichimba nyuma ya nyumba, chini ya jiwe kubwa tulilokuwa tunateleza juu yake kwa makalio mpaka kaptula na sketi za shule zikatoboka. Mweupe tuliufuata bondeni, tunaubeba kichwani kwa sufuria kuukuu. Samadi ya kuchanganyia tuliiokota njiani ng'ombe wanapopitishwa kwenda machinjioni, na tuligombania, maana kila nyumba iliitaka. Leo mwambie kijana aokote samadi kwa mkono, atakuuliza kama kuna glavu. Sisi tulinawa kwa mchanga ziwani, tukarudi kula michembe ya viazi vitamu na karanga, na harufu haikumzuia mtu.

Mama alimpa kila mtoto sehemu yake. Shija alipewa pembe ya jikoni, ambako moshi ungefunika makosa. Mimi nilipewa chini ya dirisha. Hapo ndipo mama aliniruhusu kuchora nilichotaka, na nilitaka mambo mengi: ndege, mtumbwi, wasichana wanaokwepa mpira wa rede. Nikisimama kufikiri, wenzangu wanamaliza. Kila mwaka mvua ilinikuta sijamaliza, na kila mwaka palibaki kiraka kama sinia, udongo mtupu, chini ya dirisha la mbele. Mama hakunipiga. Aliwaambia wageni wa Krismasi, "Hapo ni kwa Kabula. Mvua ilifika kwanza."

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, woga ulinizidi akili. Mama alikuwa amenipa ubao wa kuweka juu ya mlango, niandike KRISMASI NJEMA. Niliapa mvua hainipati. Nikauingiza ndani, nikafunga mlango na dirisha, nikawasha kibatari mchana kweupe. Nakwambia sijawahi kupaka kwa raha kama siku ile. Hakuna upepo, hakuna wadudu wa ziwani wanaonata kwenye rangi, hakuna anayeniuliza habari za ng'ambo. Nilikuwa na makopo mawili, la udongo mweupe na la majivu, na kwenye mwanga ule wa kibatari yote mawili yaling'aa sawa. Herufi zilinyooka kuliko za mwalimu.

Nilipoutoa nje, jua lilikuwa bado linawaka. Kumbe nilikuwa nimechovya kopo moja tu: ubao wote ulikuwa na rangi ya majivu, herufi na mandhari yake, mpaka ukaribie ndipo unaona kuna kitu kimeandikwa.

Mama Bahati akashuka kutoka kwake ili auone vizuri. "Mama Kabula, huu ni wa Krismasi au wa msiba?"

Mama hakucheka. Aliugeuza ubao huku na huku, akasema, "Rangi ya ukuta inachaguliwa na jua. Wewe umekwenda kuichagua na kibatari." Kisha akaniambia nikauoshe.

Ningependa kusema nilijifunza siku ile.

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka na brashi mbili, na miguu yangu haijakaa tangu hapo. Nimepaka mabango ya baa Kahama, kuta za hoteli Tabora, picha za watakatifu kwenye kanisa moja la Bukoba ambako padri alinirudisha mara tatu kwa sababu ya pua zao. Nikizoea mahali, nahama. Mwaka jana Shija alinipigia simu kwamba mama ana presha ya macho, na kwamba daktari amesema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Nilikuwa Geita. Safari ile sikusubiri kivuko pale Busisi kama zamani, nilivuka darajani kwa dakika chache, na nakumbuka nilisikitika kufika upesi, kwa sababu nilikuwa bado sijajua nitamwambia nini.

Nilipanga chumba Buswelu, karibu na kwa Shija anakoishi mama. Ni chumba kizuri: taa nyeupe, pangaboi, meza. Humo nachora twiga na machweo ya kuuza kwenye maduka ya mjini, natazama picha kwenye simu, nahamisha kwenye turubai. Nimechora milima ambayo sijawahi kuikanyaga. Mvua inapiga bati, sistuki.

Siku moja mama aliniambia, tukiwa tunachambua dagaa, "Kabula, nichoree ule ukuta wetu. Nikiwa bado naona."

Nikajibu, "Sawa, mama," kama mtu aliyeombwa maji. Usingizi ukaniisha.

Ukuta wenyewe haupo. Tuliuza kile kiwanja zamani, mnunuzi akajenga nyumba ya matofali. Hatuna hata picha moja, nani angepiga picha ukuta wa udongo? Niliuchora chumbani kutoka kichwani. Nilichora mara tatu, nikatupa mbili. Kila asubuhi nilihesabu siku: leo anaona, je, wiki ijayo? Niliharakisha, nikaharibu, nikaanza tena. Picha ya tatu niliimaliza nikampelekea, nikaishika mbele yake. Mama aliinamisha kichwa, akakisogeza kushoto, kulia, anaitafuta kwa ile nafasi ndogo aliyobakiwa nayo, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango.

"Nyumba nzuri," akasema. "Ya nani?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye tofali. Shija akanifuata. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "nadhani tumechelewa."

Nilidhani hivyo pia. Binti yake Neema, ambaye ana miaka kumi na saba na simu kama sehemu ya mkono wake, alikuwa ameibeba picha hadi uani kuipiga picha. Akasema bila kuinua macho, "Shangazi, kwani nyumba yenu ilikuwa ya pinki?"

"Pinki gani?"

"Si hii hapa. Ila usijali, kwenye simu naweza kuibadilisha ikawa nyekundu. Hata jua naweza kuliongeza."

Niliinuka nikaenda kuangalia. Kweli, juani ukuta wangu mwekundu ulikuwa na rangi ya biskuti. Kule chumbani, chini ya ile taa nyeupe, ulikuwa udongo wa Igogo kabisa. Sikujua nicheke au nilie. Huenda mama alikuwa anaona sawasawa na mimi ndiye kipofu. Au huenda sote wawili.

Jumamosi iliyofuata tulichukua bajaji, mimi na mama na ubao mpya, tukaenda Igogo. Jiwe letu la kuteleza bado lipo, limekwanguka kidogo upande mmoja. Mpangaji wa ile nyumba ya matofali, mama mmoja kijana, alimwamkia mama shikamoo, akatoa kiti, akatuacha. Nilichimba udongo mwekundu pale pale tulipokuwa tunachimba, nikaupaka kwenye ukingo wa ubao ili nilinganishe. Mama aliomba kidogo, akausugua kwenye kiganja, akaunusa.

"Ndio huu," akasema. "Haya, fanya kazi."

Nikaanza. Rangi nilizobeba ni za maji, na hewa ilikuwa nzito tangu asubuhi. Nilipaka sehemu ya chini, nikachungulia juani, nikaongeza wekundu, nikachungulia tena. Nilikuwa nimeanza ule mkanda wa masizi niliposikia nyuma yangu:

"Ng'ambo inaonekana?"

Mkono wangu ulisimama. Zamani aliuliza kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Sasa mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, uso ameuelekeza ziwani, na bado aliuliza.

"Inaonekana, mama."

"Unasema kweli?"

Nikatazama. "Nusu."

"Basi ongeza mkono, unazubaa."

Nikaongeza mkono. Nikapaka weupe wa juu, nikapaka mlango, nikaweka bati, dirisha. Yule mpangaji akatokea mlangoni. "Mama, ingieni ndani jamani, mvua hiyo hapo."

"Mwache," mama akamjibu. "Huyu akiingia ndani anaharibu."

Vilima vya Sengerema vikaondoka. Nilikuwa na muda wa karai moja, na sikuwa na karai. Matone ya kwanza yalipiga ubao kabla sijauinua, nikakimbia nao barazani, kisha nikarudi kumshika mama mkono. Nilipotazama picha, ule wekundu ulikuwa umeteremka kwa michirizi, kama ukuta uliolia. Nikaanza kusema samahani.

"Lete hapa," mama akasema.

Aliushika ubao mwenyewe. Akakaa upande wenye mwanga, akainamisha kichwa, akautafuta. Kushoto. Juu. Mvua ilipiga mawe, na mimi nilisimama pale nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa tayari aulize tena ni nyumba ya nani, na nilikuwa nimejiandaa nitakavyomjibu.

"Mkanda umepinda," akasema. "Mimi sikupaka mkanda uliopinda."

Kidole chake kikatembea juu ya rangi mbichi, kikafika chini ya dirisha, kikasimama. Pale pana kiraka cha ubao mtupu. Sikukikusudia. Nilikuwa nimekiacha cha mwisho nikifikiri nichore nini, ndege au mtumbwi.

"Na hapa, Kabula? Pako tena hujamaliza."

"Mvua ilifika kwanza, mama."

"Lini ilikukuta umemaliza?" akasema, akacheka, na yule mpangaji naye akacheka bila kujua sababu.

Picha hiyo sijaigusa tena. Mama amekataa isiwekwe sebuleni, anasema ndani haioni vizuri, kwa hiyo Shija amegongelea msumari nje, chini ya paa, na kila asubuhi mama anasogeza kigoda chake pale. Kuna kazi nimeitiwa Kigoma, ukumbi mzima wa kupaka. Miguu inawasha, lakini sijajibu simu.

Enzi zetu woga ulikuwa na upande unakotokea. Wewe ulisimama mlangoni ukauona ukija juu ya maji, ukajua umebakiwa na muda gani, ukaita wenzako. Vijana wa leo nyumba zao hazishuki kwa mvua, nami nawafurahia kwa hilo. Huku Buswelu tulipo ziwa halionekani, ng'ambo ndiyo kabisa, na hiki ninachokiogopa sasa hakina kilima kinachofutika kwanza ili kikupe taarifa.

Wingu likitanda naacha twiga wangu mezani, nakimbia kwa Shija kuianua ile picha kama watu wanavyoanua nguo. Mama ananisikia akiwa ndani. "Umeianua?" "Nimeianua, mama." Mvua ikipita naikausha kwa kanga, na jua likitoka nairudisha kwenye msumari wake. Mama anasogeza kigoda, anainamisha kichwa, anaanza kutafuta. Mimi nasimama kando, nangoja aniambie tena kwamba sijamaliza.