Unga wa Kidoleni

Mimi si mtu wa kusubiri. Nimeambiwa hivyo tangu mdogo, na haraka yangu ilitukosesha ndugu.

Ilianza miaka ya tisini, msimu wa mabibo, kwetu Mbekenyera. Asubuhi moja baba aliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kina moto, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Jana yake alikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, akala nyama ya mbuzi, kisha akarudi kwa njia inayokatiza mikorosho ya kaka yake. Kwetu mguu ukivimba ghafla namna hiyo, watu huuliza umepita wapi.

"Nimekanyaga dawa," baba alisema. Yeye na baba mkubwa walikuwa wakigombania mpaka wa shamba, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutaja mtu.

Baada ya wiki uvimbe ulipoa. Ukarudi, ukapoa, ukarudi tena, hivyo hivyo kwa miaka, mpaka pakaota kinundu. Mganga akakichanja kwa wembe, pakatoka kitu cheupe kama chokaa. "Dawa yenyewe hii," akasema.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wawili, na bado sikuweza kutulia hata dakika tano. Nilifunga ule unga kwenye karatasi ya daftari, nikaenda mbio kwa baba mkubwa, nikaufungua mbele ya majirani waliokuwa wakibangua korosho barazani kwake. "Chukua kitu chako," nikamwambia. Hakukipokea. Kabla ya mvua alihamia Mandawa na mkewe.

Kidonda cha wembe kikagoma kupona. Nikampeleka baba hospitali Nachingwea, na karatasi yangu mkobani kama ushahidi. Daktari aliifungua, akausugua ule unga kwa kidole chenye glovu.

"Huu umetoka mwilini mwake mwenyewe," akasema. Akatueleza kwamba damu ina taka zinazoitwa asidi ya yuriki, na figo zisipozitoa zote hujikusanya kwenye maungio, kama chumvi inavyobaki chini ya sufuria maji yakikauka. Zinakuwa chembe zenye ncha kama sindano. Mwili huziona ni adui, unazishambulia, na vita hiyo ndiyo uvimbe, moto na maumivu. Nyama na pombe huzidisha. Ugonjwa unaitwa jongo, akasema, na mara nyingi unatembea katika ukoo.

"Kwa hiyo hakuna aliyenitega?" baba aliuliza.

"Hakuna, mzee."

Njia nzima ya kurudi niliona aibu. Nilitaka twende Mandawa siku ileile. Baba akasema kesho, na kesho yake akasema kesho. Nilizunguka uani, nikafagia palipokwisha kufagiliwa, nikagombana na kila mtu. Siku ya nne nilitoa baiskeli, nikamwambia apande nyuma au niende peke yangu. Akapanda.

Baba mkubwa alikuwa ameketi mlangoni, fimbo mapajani. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa, kidole gumba kimejitokeza, kimevimba vilevile.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" alimwuliza baba.

Baba alishuka kwenye baiskeli. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, akavua ndala, akanyoosha mguu wake kando ya ule wa kaka yake. "Nisamehe, kaka," akasema. "Ugonjwa ni mmoja. Hakuna aliyetutega."

Nami nikadakia. Nikaeleza habari za figo, chumvi, sindano, upesi upesi, bila kupumua, kisha nikapiga magoti nikaomba radhi. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akiangalia miguu ile miwili.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Na wale wa barazani, umekwisha kuwaambia?"

Siku nne zilikuwa zimepita tangu Nachingwea. Sikuwa nimemwambia hata mmoja.