Goti la Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupima jinsi watu wanavyotembea. Nikisema hivyo msibani au mezani, lazima mmoja aulize: kwani kutembea kunapimwa kwa kilo? Watu wanacheka, nami nacheka, lakini moyoni nakasirika. Mimi ni kiné, yule mtu anayekukunja mguu baada ya kutolewa plasta. Hospitali yetu hapa Bunia ina utafiti unaofuata watu waliovunjika miguu, kujua nani amerudi kutembea na nani hakurudi. Mfupa unaweza kupendeza kwenye radio, ile picha ya mifupa, na mwenye mfupa asiweze kuchuchumaa shambani mwake. Hilo ndilo tunalopima.

Chombo changu ni goniometre, rula mbili za plastiki zilizofungwa pamoja kwenye ncha. Moja unailaza kwenye paja, nyingine kwenye mundi, chini ya goti, halafu unakunja goti polepole. Mgonjwa akisema imetosha, unasimama na kusoma namba ya pembe. Baadaye anatembea koridoni, toka alama moja ya rangi hadi nyingine, na anakuambia maumivu yake yako wapi. Kuna sheria moja isiyochezewa: aliyekupima mara ya kwanza ndiye atakayekupima mara ya mwisho. Mikono ya huyu inasukuma, ya yule inabembeleza. Ukibadilisha mikono hutajua kama goti limepona au mpimaji ni mpole.

Basi, siku moja nililetewa mama mmoja. Pikipiki ilimwangusha kwenye njia ya Irumu akitoka shambani, mfupa ukavunjika vibaya juu ya goti. Nilimpima mara ya kwanza, nikampima tena. Mikono yangu ikalijua goti lile. Lilikuwa linakwama mapema, na kila lilipokwama alinishika mkono kunizuia, bila aibu yoyote, kama mama anavyomzuia mtoto asiguse sufuria ya moto. Aliyekuwa akimleta ni binti yake wa pekee, akimshika kiuno. Hapo sitaeleza mengi. Nilimwangalia binti, binti akaniangalia, familia zikakaa, ng'ombe wa baba yangu wakaingia katika zizi la kwao.

Siku ng'ombe walipoingia, mgonjwa wangu akawa bokilo wangu, mama mkwe. Asiyejua ya kwetu atadhani hapo mambo yalikuwa rahisi. Wapi! Kwetu mwanamume hamgusi mama wa mchumba wake. Hamtazami usoni, hasemi naye moja kwa moja, hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja barabarani anahama njia, hata kama upande wa pili ni mtaro wa maji machafu. Mimi nimesoma, diploma yangu iko ukutani, na siku moja karibu na soko nilijibanza nyuma ya lori la ndizi ili mama apite. Chekeni tu.

Wakati wa kipimo cha mwisho ukafika. Nikaenda kwa daktari anayesimamia utafiti, mwanamke aliyetoka Butembo, mkali lakini mwenye haki, nikamwomba atume mikono mingine.

"Hapana," alisema. "Mikono ni ile ile. Na wiki hii mupasuaji mugeni iko hapa. Ataangalia vipimo, achague wenye watapasuliwa tena. Huyu mama asipopimwa, hawatamuchagua."

"Docta, ni bokilo yangu."

"Ni goti, kiné. Na mimi nitasimama pale nikuangalie, usinipikie namba sababu ni mama ya bibi yako."

Radio zilionyesha kwamba mfupa wa mama uliunga vibaya, lakini wengi walikuwa na radio kama ile na walikuwa wanalima. Kilichoamua ni mguu unavyofanya kazi. Mpasuaji akiondoka, hakuna aliyejua atarudi lini, maana njia za huku zinafungwa bila kuaga. Goti lile lingeachwa, lingebaki vile maisha yote, na mama yule anaishi kwa jembe.

Tulitafuta njia ya kupita katikati ya desturi na sheria. Shangazi wa mchumba wangu, dada wa baba yake, angekuwa mdomo wetu. Shuka lingefungwa katikati ya chumba, mama alale nyuma yake, mguu tu utokeze upande wangu. Nami ningevaa glavu. Shangazi aliridhika. Daktari alitutazama kama watu waliochanganyikiwa, akachukua kalamu yake.

Tulianza na koridoni. Nilitazama miguu tu, macho yangu hayakupanda juu ya pindo la kitenge. Mama aliacha fimbo yake kwenye ukuta. Aliacha fimbo! Kisha akatembea wima, taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea Meza ya Bwana. Visigino vilikanyaga vizuri. Daktari aliandika. Mimi nilishangaa, maana mguu ule niliujua, na siku zile mwenyewe alikuwa anauburuta.

Chumbani nikalishika goti. Nikaanza kulikunja. Likafika pale lilipokuwa linakwama, nikangoja mkono wake unizuie. Mkono haukuja. Nikaendelea kidogo. Paja lilikuwa gumu kama ubao, linatetemeka, na jasho lilikuwa linateremka kwenye mundi na kulowesha glavu zangu.

"Shangazi, umuulize, inauma?"

Shangazi aliinama nyuma ya shuka, akarudi. "Anasema haiume."

"Umuulize tena."

"Ameshasema! Haiume ata kidogo."

Nikasukuma tena, kwa hasira sasa, nikitaka aseme tu neno moja. Paja lilizidi kukaza tu. Nikasoma namba. Ilikuwa namba nzuri. Mpimaji yeyote angeifurahia.

"Muzuri," daktari alisema akiandika. "Huyu hana haja ya kupasuliwa."

Nikamvuta pembeni. "Docta, hii namba ni ya uongo."

"Goniometre inadanganya?"

"Hapana. Mama iko anavumilia."

"Kila mutu anavumilia. Umeshasema hivyo juu ya mugonjwa mwingine? Ukisema juu ya huyu peke, watasema unatafutia bokilo yako nafasi. Na mimi nitawajibu nini?"

Alikuwa na haki, na hiyo haki yake iliniuma kuliko tusi. Nikisema, ni upendeleo. Nikinyamaza, mama atakwenda nyumbani na goti lake bovu, na namba iliyotoka katika mikono yangu ndiyo itakayomfungia mlango. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Sikutaka kungoja kilio. Nilirudi chumbani, nikalishika shuka, nikalivuta likaanguka.

"Yesu!" shangazi akapiga kelele. "Umefanya nini, weye?"

Mama alikuwa amejaza pindo la kitenge mdomoni na kulikaza kwa meno. Machozi yalikuwa yameteremka pande zote mbili hadi masikioni. Aliponiona alijifunika uso kwa mikono miwili, nami nikageukia ukuta. Kwa kosa kama lile ng'ombe huweza kurudishwa. Niliwaza: basi, mke nimempoteza.

Daktari alisogea kitandani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, sababu gani unajitesa hivi?"

Kitenge kilitoka mdomoni, nikamsikia akivuta pumzi. Hakumjibu daktari. Alisema na shangazi, kana kwamba mimi niko mbali kabisa.

"Umuambie huyu mutoto. Nikipasuliwa, nani atanilinda hapa hospitali, anipikie, anifulie? Ni binti yangu peke. Basi arusi itakuwa lini? Nimeona wabinti wenye walingojeshwa mpaka bwana akachoka, akatafuta mwingine. Acha muguu ubakie hivi. Mutoto wangu aolewe."

Kumbe! Na mimi muda wote nilidhani ni desturi ndiyo iliyomziba mdomo, nikawa naitukana kimoyomoyo. Alikuwa ametoa goti lake kwa ajili ya harusi yangu, na hakuna aliyemwomba. Nilikasirika sana, nikalia, vyote kwa pamoja, nikiutazama ukuta wenye rangi ya kijani.

"Shangazi," nilisema, "umuambie mama, arusi itangoja."

Shangazi alirudia neno kwa neno, ingawa kati yetu hapakuwa hata na hatua moja.

"Umuambie, ng'ombe hazitarudi. Sitatafuta mwingine. Ata ikipita mwaka."

Shangazi akarudia. Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi na mtu alikuwa anauza sambusa.

"Umuulize," mama alisema, "anaapa?"

"Ninaapa mbele ya Mungu."

"Anaapa mbele ya Mungu," shangazi akasema.

Daktari akakata kile alichoandika, akaandika kando yake sababu. "Kiné, rudia. Mama, safari hii usinidanganye. Koridoni pia utarudia, na fimbo yako."

Shangazi alilifunga tena shuka. Nikavua glavu, maana sikuona tena kazi yake, nikalaza chombo kwenye paja na mundi. Goti lilikunjika kidogo sana. Mama akalia kwa kelele hata mgonjwa wa chumba cha pili akauliza kuna nini, na nikasoma namba mbaya kwa sauti nzima.

Mpasuaji alimchagua, akampasua kabla ya kuondoka. Wazee walinitoza mbuzi kwa ajili ya shuka lile, wakanipa na maneno, nikayapokea nimeinamisha kichwa.

Jumamosi tuliyokuwa tumepanga kufunga ndoa ilifika. Mchumba wangu alikuwa anafua mashuka ya mama yake kwenye bomba la hospitali, miguu peku, kitenge kimeloa. Ndani, kiné mwenzangu alikuwa anafundisha goti kukunjika upya. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, maana kuingia sikuruhusiwa. Mama alikuwa analia kwa sauti ya kusikika hadi langoni, hajifichi kwa yeyote. Mchumba wangu aliacha kufua, akaja akakaa kando yangu, mikono imejaa sabuni, tukamsikiliza.