Kitabu Nilichomsomea Baba Mkwe Kupitia Ukutani

Baba mkwe wangu alitaka kuuza ng'ombe wake wawili ajenge mashine ya kusaga wimbi, ile inayoendeshwa na maji ya mto. Miaka ile wanaume wote wa kilima chetu, huku Ekerenyo, walikuwa na wazimu huo. Ng'ombe mmojawapo ndiye aliyempa mwanangu maziwa, kwa hiyo mashine niliichukia hata kabla haijajengwa.

Mwislamu mmoja mwenye duka Kisii mjini ndiye aliyemwambia asikurupuke. Akamuuzia kijitabu cha Kiswahili kuhusu jinsi ya kuweka mali mahali itakapozaa. Mzee hakujua kusoma, na mume wangu alikuwa kibaruani Kericho. Msomaji aliyebaki ni mimi, na kwetu mke wa mwana haingii nyumba ya baba mkwe wala hamtazami usoni. Ndiyo ensoni, heshima yetu, na haina likizo.

Basi mzee akakaa ndani, nami nje, mgongo ukutani, nikisoma kwa kupaza sauti kama mhubiri wa Sabato. Jirani yetu, aliyeshindana na mzee tangu walipotahiriwa pamoja, ghafla akapenda sana kupalilia migomba iliyopakana na ua wetu. Alipalilia hata pasipo na magugu.

Kijitabu nilikuwa nimeshakimaliza jikoni, maharagwe yakichemka. Nikaanzia sura ya tatu: ukipata wazo usikawie, wenzako watakuwahi. Niliisoma mara mbili, jembe likanyamaza. Kesho yake jirani akauza fahali wake, akaanza kuchimba mfereji pale pale mzee alipopachagua.

Mzee alifoka mpaka kuku wakatoka mbio. "Umeniua, mke wa mwanangu!"

"Bado, tata," nikamwita baba kwa lugha yetu. "Kuna sura ya kwanza."

Nikaisoma, safari hii kwa sauti ya chini: kabla ya kutoa mali, tazama ni wangapi wanaofanya kazi hiyo hiyo. Mto wetu ulikuwa na mashine nyingi kuliko wimbi, na baadhi zilishaota nyasi.

Kisha mzee akacheka hadi akakohoa. Ng'ombe wa maziwa atabaki! Nilifurahi nikalia kidogo, kwa bahati ukuta ulinificha.

"Mke wa mwanangu," akaita, "humo mna sura ya kufuga nyuki?"

"Hamna, tata."

"Kesho isome. Kwa sauti ya kufika migombani."