Mstari Niliounyoosha Oldeani

Asubuhi ile trekta lilirudi juu ya mistari ya jana na kuanza kufukua maharage lililoyapanda lenyewe.

Skrini ilikuwa ya kijani. Kila kitu kiko sawa, inasema. Kosa ni sentimita mbili tu.

Niliinama nikaokota mbegu moja. Ilikuwa imeshavimba kwa unyevu, inajiandaa kuota. Nikaishika kiganjani kama yai lililopasuka.

"Injinia!" Sauti ya meneja ilipasuka kwenye simu ya upepo. "Hiyo mashine yako imerogwa?"

Mimi nikifokewa nakuwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Ngoja nianzie mwanzo.

Naitwa Hyasinta. Majina mengine humu nimeyabadilisha. Shamba silitaji, na Oldeani kuna mashamba mengi, kwa hiyo msinifuate inboksi kuniuliza ni lipi.

Nimesoma zana za kilimo chuoni. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwenye shamba la kahawa na maharage ya mbegu, kwa majaribio. Wenzangu walinibatiza Injinia Kimya. Ukinisalimia naitikia, ukinitania nacheka chini chini. Basi.

Nilipewa kazi ya kufunga kipokezi cha setilaiti ili trekta liweze kujiongoza kwenye mstari.

Vipo viwili. Kimoja kinakaa kwenye paa la trekta, kinatembea nalo. Kingine kinasimama kilimani karibu na tangi la maji, juu ya miguu mitatu, na hakitakiwi kusogea hata kidogo.

Setilaiti peke yake huweza kukukosea kwa mita moja, mbili. Kile cha kilimani kinajua mahali pake halisi, hivyo kinamrekebisha mwenzake: hapo umekosea, rudi hivi. Ukikisogeza bila kukiambia, nacho kinakosea. Na trekta linakiamini.

Kina umbo la uyoga mweupe. Wafanyakazi wakakiita Uyoga.

Aliyenisaidia kukifunga ni dereva, kaka Filbert. Ni Mnyaturu wa Singida, lakini amezaliwa hapo hapo, kwenye nyumba za wafanyakazi. Marehemu baba yake naye alikuwa dereva wa shamba hilo hilo.

Tulipigilia msumari kwenye zege, tukatega miguu mitatu juu yake. Nikamfundisha kuning'iniza timazi mpaka liguse kichwa cha msumari, halafu kukaza skrubu mpaka povu la pima maji likae katikati.

Mikono yake mikubwa ile ilikuwa na subira ya ajabu.

"Sasa Injinia, hiki kikisogea hatua mbili?"

"Shamba zima linasogea hatua mbili, kaka."

"Zima?"

"Zima."

Akatikisa kichwa. "Kumbe Uyoga ni kama mke mkubwa. Akinuna yeye, mji mzima umenuna."

Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Siku iliyofuata nilikaa ofisini kuchora mistari ya kupandia. Filbert alikuwa mlangoni anasubiri funguo. Kwenye ramani niliona ukingo wa juu wa bloku ya maharage umenyooka vizuri, kisha katikati unabonyea kuelekea ndani kama tumbo la mtu aliyepigwa ngumi, halafu unanyooka tena.

"Meneja, hapa mbona pamepinda?"

Meneja Boazi ni mwenyeji wa Karatu, Mwiraqw, mtu wa sauti kubwa na kofia ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa. Alitazama mara moja tu, akageuka dirishani.

"Madereva wa zamani hao. Pombe. Nyoosha."

Nikaweka kidole kwenye kishikwambi, nikanyoosha. Sekunde moja, imekwisha.

Nilipogeuka, Filbert hakuwepo mlangoni. Hata funguo hakuchukua.

Sikuwaza chochote. Nilikuwa nafurahia mstari wangu.

Tulianza kupanda tukitokea chini kwenda juu. Siku ya kwanza ilikwenda safi, mpaka watu wa shamba jirani wakaja kushangaa trekta linalojiendesha. Meneja alitoa onyo moja tu: dereva asishike usukani katikati ya mstari. Akishika, ramani inachora wekundu pale pale, na ramani ile inakwenda moja kwa moja kwa mwenye shamba, Dar.

"Nikiona wekundu," alisema, "huyo dereva aanze kutafuta kazi."

Siku ya pili ndiyo trekta likarudi nyuma kufukua mbegu.

Nilipanda kilimani mbio. Timazi halikuwa juu ya msumari. Miguu mitatu, ambayo usiku tuliiacha pale bila Uyoga, ilikuwa imesogezwa hatua mbili kuelekea chini, na mimi asubuhi nilikuwa nimefunga Uyoga juu yake nikiangalia povu tu.

Kimenuka.

Mlinzi wa tangi alikuwa Lengai, mzee wa Kimaasai ambaye kila siku alinipa pole ya kupanda kilima hata kama sijachoka. Meneja alimkuta hapo hapo.

"Nani amegusa hii?"

"Sijui, bosi."

"Unalinda nini sasa?"

"Mimi nalinda mwizi," Lengai alisema taratibu. "Mwizi sijaona."

"Kesho tukimaliza kupanda, kama sijaambiwa ni nani, rungu na tochi ya shamba viache stoo uende nyumbani. Umesikia?"

Lengai alijifunga vizuri lubega lake. Hakubishana. Alinitazama mimi, si kwa hasira, ila kama mtu anayekusubiri umalize kufikiri.

Nikafikiri.

Nikaliangalia tena lile povu. Lilikuwa katikati kabisa.

Mbuzi akipiga teke miguu mitatu, povu haliwezi kukaa katikati. Upepo hauwezi. Watoto hawawezi. Aliyekisogeza alikuwa amekaa hapo, akakaza skrubu moja moja kwa subira, mpaka povu likatulia.

Na shamba zima nilikuwa nimemfundisha mtu mmoja tu.



Jioni ile niliandika meseji. "Kaka Filbert, naomba unieleze." Nikafuta. Nikaandika, "Kaka, kwa nini?" Nikafuta tena. Nikisema kwa meneja, Filbert hana kazi. Nikinyamaza, Lengai hana kazi. Na mimi niliyekuwa kwenye majaribio sikuwa na mahali pa kusimama kati yao.

Kesho yake niliweka miguu mitatu juu ya msumari, nikakaa hapo hapo kwenye jiwe, sikuondoka. Nilijiambia leo Uyoga utalindwa na mimi mwenyewe, tumalize, halafu tutaona.

Saa ya chai Filbert akaja kilimani. Aliponiona akasimama ghafla.

"Injinia. Leo umekuwa mlinzi?"

"Ndiyo, kaka."

"Chai hunywi?"

"Sijisikii."

Alivua kofia, akaizungusha mikononi. Alifungua mdomo. Nami nilifungua wangu.

"Haya," akasema. Akashuka.

Mpaka leo huwa naikumbuka ile "haya."

Mchana trekta lilifika mistari ya mwisho, huku juu kabisa kwenye ukingo. Nikiwa kilimani niliona kila kitu: udongo mwekundu, mistari iliyonyooka kama iliyochorwa kwa rula, trekta likija taratibu, na Filbert ndani, mikono yake juu ya magoti.

Halafu nikaona mwanamke anatoka kwenye miti ya migrevilea ya ukingoni.

Mwanamke mzee, na kitenge cha bluu. Alitembea mpaka katikati ya ukingo, pale pale lilipokuwa lile bonyeo nililolinyoosha, akakaa chini. Akanyoosha miguu mbele yake kama mtu anayechambua mboga.

Trekta lilikuwa linamwendea.

Nilipiga kelele. Mimi Injinia Kimya nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga maishani, na nikaacha Uyoga wangu na kila kitu nikakimbia mteremko, nikaanguka, nikaamka.

Nilipofika trekta lilikuwa limesimama, injini inanguruma bure. Filbert ameshuka, amepiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, toka. Nakuomba mama, toka."

"Nimekaa na mwanangu," akasema mama. "Wewe pita. Mashine yenu si inajua njia?"

Alikuwa Bi Bibiana, mama yake Filbert. Na pembeni ya miguu yake niliona mawe machache yamepangwa duara, yamezama kwenye udongo, na mche wa sale, ule unaopandwa makaburini, katikati.

Duara dogo. Dogo sana.

"Ni Leonida," Filbert alisema bila kuniangalia. "Mdogo wangu. Surua. Ilikuwa masika, barabara imekatika, hatukuwa na namna ya kumpeleka Singida. Baba akamlaza hapa. Kuanzia siku hiyo, akilima anapinda. Alipomwachia mwingine trekta, alimwonyesha hapa pa kupindia. Mpaka likanifikia mimi."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tuseme kwa nani?" Bi Bibiana alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mwenye shamba wa zamani alichimba bwawa kule bondeni. Kulikuwa na watu wetu wamelazwa pale. Mwenye kusema alisema. Bwawa si lipo? Basi waliobaki tukaacha kuwataja."

Filbert alijifuta uso kwa mkono wenye grisi.

"Nikishika usukani, ramani inakuwa nyekundu, nafukuzwa, anakuja dereva asiyejua. Nikaona bora niusogeze Uyoga. Ulisema shamba zima litasogea, Injinia. Sikujua kwamba yaliyopandwa jana hayasogei."

Tumbo la mtu aliyepigwa ngumi. Hivyo ndivyo nilivyoliona mimi.

Tukasikia pikipiki ya meneja.

Alikuja amevimba. Alishusha stendi kwa teke. "Trekta limesimamia nini? Filbert! Ndiyo nini hii?"

Filbert akainuka. Nilimwona anavuta pumzi ya mtu anayekwenda kusema yote, na nikajua akisema kaburi, kesho litajadiliwa Dar na watu ambao hawajawahi kulitazama duara lile.

"Ni jiwe, meneja," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Nini?"

"Kuna jiwe. Chini. Kubwa. Tukipita litavunja mashine ya kupandia. Ni kosa langu, sikulikagua. Na Lengai hana hatia. Wale madereva walikuwa wanalikwepa, meneja. Haikuwa pombe."

Nilikuwa natetemeka mpaka meno. Sijui kudanganya. Kila mtu anajua sijui kudanganya.

Meneja alinitazama. Akamtazama Filbert. Akautazama ule mche wa sale, na mawe, na mwisho yule mama aliyekaa chini.

Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Filbert alikwenda kuzima injini, na ndipo nikasikia ndege.

"Jiwe," meneja akasema.

"Ndiyo, meneja."

"Basi liweke kwenye ramani. Kizuizi cha kudumu. Trekta lizunguke. Lengai aendelee na kazi yake."

Nikatoa kishikwambi. Nilirudisha lile bonyeo kwa kidole kile kile nilicholinyooshea, nikaandika: JIWE.

Nilidhani yameisha. Meneja alikuwa ameshapanda pikipiki, lakini hakuwasha. Alikuwa anatazama kule kwenye kahawa.

"Hyasinta." Alikuwa hajawahi kuniita jina langu kabla ya siku hiyo. "Kule kwenye bloku ya kahawa ya zamani, mgrevilea wa mwisho kushoto. Liweke na lile."

"Lipi, meneja?"

"Jiwe."

Nikashusha kishikwambi.

"Bibi yangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Mzaa baba. Alikuwa mchuma kahawa hapa. Huwa naenda Jumapili, najifanya nakagua wadudu."

Filbert alimtazama kama anamwona leo. "Meneja... na wewe?"

"Ulidhani mko peke yenu?"

"Sasa kwa nini ulimwambia Injinia anyooshe?"

Meneja alivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye macho. "Nilikuwa sijui hapa yuko nani. Lile langu najua. Hapa nilijua tu kwamba pana mtu. Nikaona nikikataa kunyoosha, nitaulizwa nimejuaje."

Akawasha pikipiki, akaondoka.

Bi Bibiana aling'oa majani mawili yaliyoota kati ya mawe, akayaweka kwenye ncha ya kitenge chake.

Wiki zile zilizofuata watu walianza kunifuata kilimani, mmoja mmoja. Wengine hata majina yao sikuwa nayajua. "Injinia, kuna jiwe." Natembea nao, nasimama pale wanaponionyesha, nasubiri kipokezi kipate uhakika, naandika. Wengine wanalia. Mimi nalia nao, kazi inaendelea.

Juzi mwenye shamba alipiga simu kutoka Dar. Ameiona ramani. "Oldeani udongo wake si mzuri? Mbona shamba langu lina mawe mengi hivi?"

"Ni mengi, bosi," nikamwambia. "Yalikuwepo kabla yetu."

Alinyamaza kidogo. Sikujua kile kimya ni cha nini, na mpaka leo sijui. Siku atakayotaka kuja na mashine ya kung'oa mawe, sijui tutafanya nini. Nalala na wazo hilo.

Nililojifunza ni dogo, nawaachia nanyi mnaosoma. Ukikuta kitu kimepinda miaka yote na watu wanakipita hivyo hivyo bila kulalamika, usikimbilie kukinyoosha. Uliza kwanza nani alikipinda. Na ukiwa na aibu ya kuuliza, kama mimi, uliza hivyo hivyo huku unatetemeka.

Uyoga wangu unajua mahali pa kila kitu kwa sentimita mbili. Nani amelala hapo, haujui. Hilo lilinitaka mimi nifungue mdomo.