Awatif na Mkwewe Waenda Jangwa Jeupe

Mume wa Awatif, Shawkat, anauza mablanketi, na hilo ndilo lililomnyima Awatif safari ya Jangwa Jeupe tangu aolewe. Jangwani huendi kiangazi, labda uwe umechoka kuishi. Unakwenda majira ya baridi, na majira ya baridi ndiyo Shawkat hapati hata nafasi ya kujikuna. Shubra nzima, mtaa wetu hapa Kairo, inataka blanketi wakati mmoja, na yeye hata Ijumaa hafungi duka.

Awatif ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chini ya jengo letu, nami naishi ghorofa ya pili. Mengi ya haya niliyasikia kichwa kikiwa kwenye beseni, povu masikioni.

Mwaka wa safari hii binti yao wa pekee, Ghada, aliolewa akahamia mji wa Tanta. Nyumba ikapoa. Jioni moja ya Januari walikuwa mezani wakinywa supu ya dengu, Awatif akasema, "Baba Ghada, Alhamisi ijayo nakwenda Jangwa Jeupe. Nalala usiku mmoja hifadhini kule, wa pili mjini njiani, Jumamosi nimerudi."

Shawkat alicheka. "Na nani? Na mbweha?"

"Na wewe, ukitaka."

"Januari hii? Wewe mwanamke, nikifunga duka Januari si watanizika na mablanketi yangu!"

"Basi nakwenda peke yangu."

Kijiko kikasimama hewani. "Peke yako? Watu wa mtaa watasema nini?"

"Watasema Awatif kaenda jangwani. Si ndiyo kweli?"

Mezani alikuwapo pia Hajja Nemat, mama yake Shawkat, aliyekuwa akiishi nao. Mkwe na mkaza mwana hawa hawakuwa maadui, ila vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Chumvi ikizidi, kosa la Awatif. Mvua ikinyesha nguo ziko kambani, kosa la Awatif. Kwa hiyo Awatif alipomwona bibi anafuta mdomo na kujiweka sawa kitini, alijiandaa kwa lolote.

"Hatakwenda peke yake," alisema Hajja Nemat. "Nakwenda naye mimi."

"Mama!" Shawkat aliruka. "Na magoti yako hayo?"

"Magoti yangu nimekwambia uyabebe?"

Usiku ule Awatif hakufurahi hata chembe. Aliniambia kesho yake, huku akinivuta nywele kwa hasira, "Miaka yote hii naomba siku mbili za kupumua, sasa ananifuata mpaka jangwani!" Lakini ruhusa ilikuwa imepatikana, na mwenye njaa hachagui mkate. Alimpigia simu Sattar, dereva wa Bawiti, mji ulio karibu na jangwa hilo, mwenye gari la kupandia mchanga, aliyesifiwa na mteja mmoja wa saluni.

"Nina mama mkwe," Awatif alimwambia. "Ni mzee, magoti mabaya, mdomo mzima."

"Karibuni naye, dada yangu," alijibu Sattar. "Atakaa mbele na mimi. Mama yangu ni hivyo hivyo, nimezoea. Leteni nguo nzito tu, baridi ya huku haina utani. Chakula na mahema ni juu yangu."

Hapo ndipo maandalizi yakapamba moto. Hajja Nemat hakumwamini dereva kwa chakula. Alichoma bata, akafunga majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, akanunua machenza ya kulisha kikosi. Awatif alitoa nusu, bibi akarudisha. Awatif akatoa tena. Shawkat naye, baada ya kununa siku mbili, alileta mablanketi sita yale mazito kabisa. "Mkifa kwa baridi nitaaibika kibiashara," alisema.

Ikabaki shida moja ambayo hakuna aliyetaka kuitaja. Mwishowe Hajja alimwita Awatif chumbani, akafunga mlango.

"Huko haja mtu anakwendea wapi?"

"Nyuma ya jiwe, Hajja."

"Anachuchumaa?"

"Anachuchumaa."

Bibi akatazama magoti yake. "Basi siendi," alisema kwa sauti ndogo, na Awatif akagundua kwamba yeye mwenyewe hakutaka kabisa kusikia neno hilo. Alifikiri kidogo, akatoka, akachukua kiti cha plastiki cha saluni na kumpa mumewe msumeno. Shawkat alikikata tundu roshani mchana kweupe. Wapita njia walisimama chini.

"Shawkat, unatengeneza nini?" jirani mmoja aliuliza.

"Kiti cha enzi cha mama yangu!"

Kufikia magharibi mtaa mzima ulijua, na Hajja Nemat hakuona haya hata kidogo. Aliwaambia wanawake, "Mkaza mwana wangu ana akili. Nyie wenu wangewaacha nyumbani."

Alhamisi alfajiri walipanda basi. Sattar, bwana mwembamba mwenye kilemba cha kijivu, aliwapokea Bawiti, akacheka machozi alipokiona kiti, kisha akakifunga juu ya gari kwa heshima zote. Walikata vilima vyeusi, wakashuka kwenye mchanga wa manjano, na alasiri wakaingia hifadhini. Ardhi ikawa nyeupe ghafla, kama unga uliomwagika. Miamba ya chaki ilisimama kila upande, mingine kama uyoga, mingine kama watu waliojitanda shuka.

Mbele ya mwamba mmoja Hajja Nemat alisema, "Simamisha."

Ulikuwa na umbo la kuku, kifua mbele, karibu na uyoga mkubwa wa jiwe. Bibi alishuka taratibu, akaegemea bega la Awatif, akautazama muda mrefu.

"Marehemu mume wangu alikuwa askari huku, ujanani," alisema. "Alirudi nyumbani akaniambia, Nemat, kule kuna kuku wa jiwe, mkubwa kuliko nyumba yetu, anakaa chini ya uyoga. Nikamwambia jua limekupiga. Nilimcheka mbele ya ndugu zake. Hakumtaja tena kuku huyo mpaka anakufa." Alivuta pua. "Kumbe maskini alikuwa anasema kweli."

Awatif alimshika mkono, na mkono haukuondolewa.

Walikula bata kando ya moto jua likizama, na Sattar akakiri kwamba kuku wa kuchoma aliyemleta yeye hafui dafu. Baridi ilikuja kama ilivyoahidiwa. Wanawake wakalala hema moja, mablanketi matatu kila mmoja, na bibi akakoroma bila wasiwasi.

Asubuhi jangwa lilikuwa limetulia, chai inachemka. Hajja Nemat alikaa juani, akavua kitambaa kichwani. Nywele zake zilikuwa ndefu, nyeupe, zimejaa mchanga. Miaka yote ile alikuwa akisukwa kwa msusi mwingine mtaa wa pili, na Awatif alilijua hilo na lilimuuma.

"Una kitana?" bibi aliuliza.

"Ninacho, Hajja."

"Basi unangoja nini? Nitarudi Kairo na kichwa kama cha mbuzi?"

Awatif alimchana polepole, fundo kwa fundo, mchanga ukidondoka mabegani. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kufanya kazi mahali pazuri vile, na wala hakukumbuka kwamba alikuwa amekuja huko kupumzika.

Jumamosi magharibi, baada ya kulala usiku wa pili Bawiti, walishuka kituo cha mabasi cha Munib, Kairo, wamechoka, nyuso zimebabuka kwa upepo. Shawkat alikuwa pale na teksi, mkononi ameshika mfuko wa viazi vitamu vya kuchoma, bado vya moto.

"Duka je?" Awatif aliuliza.

"Lipo. Halina miguu." Aliwatazama wote wawili. "Nimekula koshari ya kununua, wali na dengu, siku tatu mfululizo. Haya, niambieni, kulikuwa na nini huko?"

"Ingia garini kwanza," alisema mama yake, akimega kiazi na kumpa Awatif kipande kikubwa. "Hadithi ni ndefu, na baba yako yumo."